Kamba Kiunoni mwa Tata Onsare

Mwezi uliopita tulimzika Bosire nyumbani kwake Ikonge, na mhubiri akanisifu mbele ya watu kwa jambo ambalo sikulifanya. Alisema marehemu alikuwa fundi mpole aliyemsamehe kila aliyemkosea. Halafu akaninyooshea mkono pale nilipokaa mstari wa mbele, akasema huyu hapa ni rafiki yake wa ujanani, mzee Makori, mtu wa heshima za zamani, ambaye alipokuwa kijana aliinamisha uso asiione aibu ya baba yake wa ukoo. Watu wakaitikia kwa sauti. Vijana wakageuka kunitazama. Mimi nikashika fimbo yangu kwa mikono miwili, nikawaacha wanisifu. Moyoni nilikuwa nacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Heshima ile waliyoisifu ndiyo iliyokuwa silaha yangu, na katika maisha yangu yote sijafanya kitu kwa uangalifu kama nilivyofanya asubuhi ile. Bosire huenda alisamehe. Mimi sikusamehe na sina mpango huo. Naandika haya nikiwa bado na macho ya kuona karatasi.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi kamili wa randa na patasi, na miaka ya hamsini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Kwetu ni Nyacheki, na habari za huko naziruka, hazina kazi hapa. Naanza na karakana ya Kisii mjini, jengo refu la mabati chini ya soko, lenye harufu ya mvule na dizeli. Mwenyewe alikuwa Bwana Sohan, Kalasinga mzee, mwembamba, ambaye kila asubuhi alikunja ndevu zake na kuzifunga kwa wavu kabla injini haijawashwa. Injini ilikaa nje kwenye kibanda chake, ikizungusha mhimili mrefu wa chuma uliopita juu ya vichwa vyetu, na kutoka kwenye mhimili huo mikanda ya ngozi ilishuka mpaka kwenye kila mashine. Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba ambacho mimi na Bosire tulilala. Kilikuwa na vitanda viwili tulivyovipiga wenyewe, jiko la mafiga, kisanduku cha chumvi, na ukuta wa mbao uliotutenga na ofisi ya Bwana Sohan. Ukuta huo ulikuwa mwembamba kiasi kwamba alipokohoa tulijua kama ni vumbi au ni hasira. Jioni tulisonga obokima, ugali wetu wa wimbi, tukala kwa chinsaga iliyolala usiku mzima kwenye maziwa, na Bosire alikuwa na tabia ya kunisukumia upande wenye mboga nyingi bila kusema kitu. Nimekula kwenye hoteli kubwa tangu siku hizo. Sijala vizuri hivyo.

Mashine ambayo habari hii inaihusu ni ile ya msasa. Upande mmoja ilikuwa na mkanda mpana wa msasa uliozunguka kwenye magurudumu mawili, na upande wa pili sahani ya chuma, pana kama ungo, iliyobandikwa msasa usoni na kusimama wima mbele ya meza ndogo ya kuegemezea mbao. Mtu asiyeijua huidharau kwa sababu haina meno. Bwana Sohan alitufundisha wiki mbili kabla ya kuturuhusu kuigusa, kwa Kiswahili chake ambacho mpaka leo nikiwa peke yangu karakanani nakisikia. "Hii sahani nusu nashuka, nusu napanda," alisema akizungusha kidole hewani. "Wewe fanya kazi upande ya kushuka tu. Upande ya kupanda tarusha mbao kwa uso yako." Meza lazima ikae karibu na sahani, nafasi isizidi unene wa kucha. Mbao ndogo usiishike kwa vidole, ibane kwenye kishikio. Usisimame ukaibana mbao mahali pamoja, itaungua na msasa utachanika. Kitambaa puani kwa sababu ya vumbi la mvule. Ukitaka kurekebisha chochote, vuta kwanza kile kishikio kirefu cha mti ukutani, kinachohamisha mkanda wa ngozi, mashine isimame kabisa, ndipo uguse. Na mwilini mwako kusiwe na kitu kinachoning'inia: mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko, hakuna glavu, hakuna pete, hakuna uzi, hakuna kamba. "Mashine hapana jua nani mzee, nani kijana," alimaliza kila mara. "Yeye nakula tu."

Kwa sababu hiyo alikuwa na ukaguzi. Kila asubuhi tulisimama wawili wawili, tukatazamana kuanzia kichwani hadi miguuni, na kila mmoja akasema kwa sauti juu ya mwenzake: sawa, au si sawa. Mtu asiyesemewa "sawa" hakugusa mashine. Ulikuwa utaratibu mzuri na umeniokolea vidole vyangu vyote kumi. Lakini Bwana Sohan alikuwa mgeni kwetu, na hakujua kwamba kuna watu ambao macho yetu hayaruhusiwi kuwapanda na kuwashuka. Kwetu Wagusii, mwanamume wa ukoo wako aliye wa kizazi cha baba yako ni baba yako, hata kama hakukuzaa. Unamwita tata. Humgusi kiunoni, humkosoi mavazi, humpingi mbele ya wageni, na kumwona uchi ni balaa linalohitaji mbuzi na wazee. Haya tunayaita chinsoni. Si adabu ambayo mtu anaichagua akipenda. Tunakua nayo mpaka inakuwa kama maumbile.

Nyapara wetu, Onsare, alikuwa tata yangu wa namna hiyo. Alitoka Nyacheki, ukoo wangu, mtu wa miaka karibu hamsini, mfupi, mwenye tumbo, na ndiye aliyeniombea kazi. Sitamdhulumu katika hili: alikuwa fundi hodari. Hakuvaa mshipi wa ngozi, alisema ni mambo ya makarani. Alifunga kaptula yake ya kaki kwa kamba ya katani, na ncha za kamba hiyo zilikuwa na kawaida ya kuchungulia chini ya shati. Mafundi wengine wote walikuwa wana wa ukoo wetu kama mimi, kwa maana aliwaleta yeye. Ni Bosire peke yake aliyetoka mbali, Ikonge, ukoo mwingine, na hakuwa na chinsoni yoyote na Onsare. Kwa hiyo ni Bosire aliyemkagua. Kila asubuhi alimtazama bila woga na kumwambia kwa upole wake, "Mzee, ingiza kamba yako," na Onsare aliiingiza huku amekunja uso. Nilimsikia siku moja akinong'ona, "Huyu mtoto ya Ikonge ananiona kama bibi yake." Aliambiwa kwa faida yake, na alichukia kuambiwa.

Ilikuwa msimu wa mvua ndefu, tukiwa na kazi ya madawati ya shule, madawati mengi kupita kiasi. Asubuhi moja Onsare alichukua spana, akalegeza meza ya ile sahani na kuirudisha nyuma ili apitishe miguu minene ya viti. Nilimwona kwa macho yangu, nikiwa hatua nne kutoka kwake. Alipomaliza hakuirudisha. Pengo lililobaki lingeweza kumeza kidole. Akamwita Bosire, akamwekea rundo la kabari ndogo na kumwambia, "Maliza hizi haraka, wewe unachelewesha watu." Bosire akauliza kishikio cha kubania mbao kiko wapi. Onsare akasema, "Kishikio ni ya wanawake. Tumia mkono." Na Bosire, aliyezoea kuikuta meza ile mahali pake, hakuinama kuangalia. Kabari ya tatu iliinamia pengoni, ikazama, na vidole vikaifuata. Sahani ya msasa haikati, inasaga. Mpaka nilipofika kwenye kishikio cha ukutani na kuuondoa mkanda, vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimeisha kuanzia fundo la kati. Hakupiga kelele. Aliutazama mkono, akaketi juu ya rundo la mbao kama mtu aliyechoka.

Nilikimbilia chumbani kutafuta shuka safi la kumfungia, na nikiwa nalichana nikasikia sauti upande wa pili wa ukuta. Alikuwa Onsare, ofisini. Alisema, "Bwana, huyu kijana alikuja na busaa kwa kichwa. Mimi nilimkataza kugusa meza, akafungua mwenyewe." Bwana Sohan akasema, "Bosire hapana kunywa." Onsare akajibu, taratibu kabisa, kama mtu anayepima mbao: "Siku hizi anakunywa. Mambo ya posa inamsumbua." Bosire hakuwahi kuonja busaa, wala chai nyeusi hakunywa, kwa ajili ya dini yake. Nilisimama pale na shuka mkononi na nikahisi kitu kimenikaa kifuani ambacho hakijaondoka hadi leo.

Nilipotoka, Bwana Sohan alikuwa ameshasimama kati ya mashine. Akaniuliza, "Makori, nani nafungua meza?" Onsare alikuwa kando yake. Hakunitisha, hata hakunitazama. Hakuhitaji. Alijua kwamba mwana wa ukoo hawezi kumwita tata yake mwongo mbele ya mgeni. Bosire aliinua macho kutoka kwenye mbao, akaningojea. Nikatazama chini. Nikasema, "Sikuona, Bwana." Maneno mawili tu, pamoja na jina la heshima. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Ilikuwa heshima, ndiyo, lakini mguu wangu mmoja ulisimama kwenye woga, na sitaki mtu anifichie hilo.

Bosire alikaa hospitali majuma mawili, kisha akaja kuchukua sanduku lake la vyombo, maana Bwana Sohan alikuwa amemwachisha kazi kwa ulevi. Nilimpikia. Nilisonga obokima mgumu kama alivyoupenda na kumwekea chinsaga. Akanyoosha mkono wa kulia kwa mazoea, akajaribu kumega. Tonge likamponyoka. Akajaribu tena, likamponyoka tena. Akautazama ule mkono uliofungwa, akauweka gotini, akaanza kula kwa mkono wa kushoto, kitu ambacho kwetu hata mtoto mdogo hukemewa. Nilikaa mbele yake nikamwangalia akila hivyo. Akasema bila kuinua uso, "Ulisema hukuona."

"Ni tata, Bosire. Unajua."

"Najua ni tata yako," akasema. "Mimi hapo sikuwa na mtu."

Halafu akaniambia kwamba baba yake Kemunto, binti aliyekuwa amemposa, ametuma watu. Ng'ombe watatu waliokuwa wametangulia watarudishwa, kwa sababu yeye hatoi binti kwa mlevi aliyejisaga mkono. Alimaliza chakula chake chote ili asinivunje moyo, akabeba sanduku kwa bega na kuondoka. Usiku ule nililala kwenye chumba chenye kitanda kitupu na nikaapa. Mara nyingi kiapo cha kijana hupoa baada ya wiki. Changu hakikupoa. Nilimchukia Onsare alipokula, alipoimba, alipofuta jasho. Nilichukia hata sauti ya randa yake, iliyokuwa nzuri.

Sasa tazama jinsi mtu anavyojifungia mlango mwenyewe. Kwa kumfukuza Bosire, Onsare alifukuza macho pekee mle ndani yaliyoweza kumtazama. Bwana Sohan, asiyejua lolote, alinipanga mimi kumkagua. Asubuhi ya kwanza nilisimama mbele ya tata yangu, nikageuza uso na kukodolea macho kopo la grisi lililokuwa kwenye rafu nyuma ya bega lake, nikasema, "Sawa, tata." Naye akakodolea macho mlango, akasema, "Sawa." Tulikuwa tunadanganya wote wawili kwa adabu kamili, na wana wengine wa ukoo waliona na kuelewa. Hakuna aliyemweleza Kalasinga. Ni sisi tu tungeweza kufanya kosa la namna hiyo: kuwa na ukaguzi mzuri kuliko wote pale mjini na kumkagua nyapara kwa kutazama kopo. Ikaenda hivyo miezi mitano. Kamba yake ilikuwa ndani siku nyingine, nje siku nyingine. Mimi sikuwa najua, kwa sababu kweli sikuwa natazama.

Asubuhi moja nilitazama. Sitasema ni shetani, wala sitasema ilitokea tu. Nilikuwa nimetoka sokoni jana yake, nimekutana na mtu wa Ikonge aliyeniambia kwamba Bosire anaparua mbao kwa mkono wa kushoto na watu wanamwita Kigutu. Nilipanga foleni ya ukaguzi nikiwa na jina hilo kichwani. Nikateremsha macho kutoka kwenye kopo, nikayapitisha kifuani mwa Onsare hadi kiunoni. Alikuwa amenunua kamba mpya, katani nyeupe isiyokatwa, na ncha yake ilikuwa imening'inia mbele, shibiri mbili nzima. Niliona vizuri nyuzi zilivyochanua mwishoni. Nikajua ni kazi gani anayokwenda kuifanya: migongo ya viti, ile iliyopinda, ambayo hulainishwa kwenye gurudumu la mwisho la mkanda wa msasa, kifuniko kikiwa kimeondolewa. Kwa kazi hiyo mtu hulala kabisa na tumbo kwenye mashine. Nikarudisha macho kwenye kopo. Nikasema, "Sawa, tata."

Kisha nilifanya jambo moja zaidi, na hili hata kwa mke wangu sikuwahi kulisema. Nilihamisha kazi yangu, nikaenda kuranda karibu na ukuta, penye kile kishikio cha kuondoa mkanda. Mvua nyembamba ilikuwa inagonga mabati. Vijana wawili wa ukoo wetu walikuwa wanaingiza mbao kutoka lori, wamezibeba begani. Onsare akavuta mgongo wa kiti, akainamia mkanda, akaanza. Alifanya viti vinne salama, na kwa kila kiti nilihesabu. Kwenye kiti cha tano kamba iliguswa na mkanda, ikaruka, ikaguswa tena, na mara hii ikaingia kati ya mkanda na gurudumu.

Ilimvuta kwa kiuno mpaka kitovu chake kikagonga chuma. Akashika mashine kwa mikono miwili, akajisukuma nyuma kwa nguvu zake zote, na mdomo wake ukafunguka bila sauti. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kishikio. Nilihesabu moja. Kamba ikazidi kumezwa na kaptula ikaanza kuifuata. Nikahesabu mbili. Sitadanganya hapa: nilipohesabu moja sikuwa na hakika kama nataka aibu yake au nyama yake. Nilipofika mbili nilimwona ameelekeza macho kwangu, akijua niko kwenye kishikio, akingojea kama Bosire alivyoningojea. Tatu. Kaki ikapasuka kuanzia kiunoni hadi mguuni, ikavuliwa yote, ikazunguka na mkanda na kupaa mpaka darini, na Onsare akaanguka chali kwenye vumbi la mvule, paja limechunwa, hana kitu mwilini kuanzia shati kwenda chini. Hapo ndipo nilipovuta kishikio. Mashine ikanyamaza polepole. Vijana wawili walikuwa wamesimama na mbao begani, wanamwona tata yao. Wakaachia mbao zikaanguka, wakajifunika uso. Mimi niligeuka na kutazama ukuta, taratibu, baada ya kuona nilichotaka kuona.

Bwana Sohan alikuja na gunia, akamfunika, akanigeukia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Wewe nakagua huyu? Wewe nasema sawa?" Nikainamisha kichwa. Nikasema, "Bwana, huyu ni baba yangu kwa ukoo. Mimi siruhusiwi kumtazama kiunoni. Sikuona." Ni maneno yale yale niliyosema juu ya Bosire, na niliyasema kwa sauti ile ile ili Onsare ayatambue. Bwana Sohan akamwuliza Onsare pale chini kama ni kweli kuna desturi kama hiyo. Na Onsare, amejifunika gunia la misumari, hakuwa na la kufanya ila kuniokoa kwa mdomo wake mwenyewe. "Ni kweli, Bwana," alisema. "Huyu hawezi kuniangalia. Ni mtoto ya heshima."

Hakurudi karakanani. Ilichinjwa mbuzi nyumbani, wazee wakatutakasa sisi watatu pamoja naye, nami nilisifiwa kwa kuvuta kishikio na kugeuza uso. Lakini mbuzi hafuti kile ambacho macho yameshika. Hakuweza tena kukaa penye wana wa ukoo bila kujifunga blanketi, na kazi ya fundi akaiacha. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nikienda Nyacheki nilijua njia anayopita kwenda mtoni, na nakiri nilipitia hiyo makusudi. Akiniona kwa mbali aliingia kwenye migomba. Nami nilisimama pale pale njiani, nikamwamkia kwa sauti ya heshima, "Bwakire, tata," nikangoja mpaka anijibu kutoka kwenye majani. Alikufa akinijibu hivyo. Kuna watu ambao wangejuta. Mimi niliifurahia kila asubuhi ya namna hiyo.

Alipoondoka tu nilimwambia Bwana Sohan ukweli wa meza. Alivua wavu wa ndevu, akafunga karakana mchana huo na kupanda lori hadi Ikonge kumwambia baba yake Kemunto kwamba alimfukuza mtu asiye na hatia. Kemunto alikuwa amekwisha kuwakataa wachumba wawili. Ng'ombe wakarudishwa kwa baba yake njia waliyotoka, na Bosire akamwoa. Bosire hakukubali kurudi Kisii. Alifungua banda lake, na maisha yake yote alilainisha viti kwa karatasi ya msasa na kiganja, bila mashine, na viti hivyo vimekaa kwenye nyumba nyingi za Nyamira.

Alikuja kunitembelea mara moja mwaka huo, habari zikiwa zimemfikia. Tulikaa juu ya kitanda kilichokuwa chake, tukala ndizi za kuchoma. Akaniuliza, "Uliiona ile kamba?" Nilikuwa na jibu kwenye ulimi. Lakini nilimtazama, mtu asiyekunywa hata chai nyeusi, mtu aliyekwisha kusema kanisani kwamba amemwachia Mungu, nikaogopa ataniona mchafu. Nikasema, "Tata simwangalii kiunoni, wewe unajua." Alitafuna kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ee. Najua." Hakuuliza tena kwa miaka zaidi ya hamsini, na mimi nikadhani nimemlinda.

Siku ya mazishi, watu walipokuwa wanagawiwa chakula, Kemunto aliniletea sahani yake mwenyewe upande wa bandani, tulipokuwa sisi wawili tu. Ni mwanamke asiyezunguka. Akasema, "Shemeji, mhubiri amekusifu."

"Amenisifu."

"Bosire hakupenda hiyo sifa. Wakati wote watu wakisema habari ya heshima yako, yeye alikuwa anatoka nje. Aliniambia, kama Makori aliona hiyo kamba akanyamaza, basi mimi nilikuwa na ndugu. Lakini yeye hakuona. Ilikuwa bahati tu. Hakuna mtu alinilipia." Akaniwekea sahani magotini. "Alikuwa anangoja umwambie. Mpaka hospitali alikuwa anauliza kama umekuja."

Chakula kikanikaa mkononi. Miaka hamsini na zaidi nilijivunia kisasi changu kama mali iliyofichwa, na mwenye mali hakuwahi kuguswa nayo. Alikufa akiamini kwamba siku ile mkono wake uliposagwa, na siku zote zilizofuata, hakuwa na mtu. Onsare alimpokonya vidole. Kilichobaki nilimnyima mimi, kwa kujifanya mwema mbele yake. Nikamwambia Kemunto, "Niliiona. Shibiri mbili, katani mpya. Niliiona nikasema sawa, nikaenda nikasimama kwenye kishikio, nikahesabu mpaka tatu."

Hakushtuka. Alinitazama jinsi Bosire alivyokuwa akimtazama Onsare wakati wa ukaguzi, kuanzia kichwani hadi miguuni. Kisha akasema, "Yaya, hapana, usiniambie mimi. Nenda umwambie mwenyewe, bado hawajamaliza kufukia."

Nikainuka na fimbo yangu, nikazunguka nyumba. Vijana walikuwa wanatupa udongo, mhubiri amesimama kando na Biblia yake. Wakanipisha kwa heshima. Nikasogea mpaka ukingoni, nikasema kwa Ekegusii na kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie, mhubiri akiwemo, "Bosire, niliiona kamba. Nilinyamaza makusudi, kwa ajili yako." Majembe yakasimama. Nikawaambia waendelee.